Siku moja maishani mwangu: mvunaji wa zabibu Santorini

Saa kumi alfajiri, kahawa, buti, mkasi. Ni Agosti, na nyumbani Dodoma wakiniuliza nafanya nini Ugiriki nikajibu "zabibu", wanacheka: si ziko hapahapa? Ziko. Ila kwetu mzabibu hutambaa kwenye waya na unavuna umesimama. Huku umesukwa duara chini, kama kikapu, ili upepo wa meltemi usiuchane. Vishada vimejificha ndani. Lazima upige magoti.

Saa kumi na moja na nusu tuko shambani, karibu na kijiji cha Megalochori. Aina ya zabibu ni Assyrtiko tupu. Mavuno ya shamba hili hayachanganywi na mengine: mzee mwenye shamba hukamua mvinyo wake kivyake, mweupe, mkavu (usio na utamu), na jina la shamba linakaa kwenye chupa. Makreti yake yana utepe mwekundu. Yachanganye na ya jirani, utajua hujui.

Chini si udongo mnaoujua nyie. Ni majivu na mawe mepesi yenye vitundu, mabaki ya mlipuko wa miaka 3,600 hivi iliyopita. Kiangazi hakuna mvua, na hapa hatumwagilii. Mizabibu hunywa ukungu wa bahari usiku. Filoksera, mdudu aliyemaliza mizabibu mingi ya Ulaya karne ya 19, aliushindwa udongo huu. Sifa nzuri, lakini magoti yangu hayazijali.

Saa tatu makreti yamejaa, pikapu haionekani. Dereva, Mwalbania asiyejua Kiingereza, ananipigia: njoo uongee na watu. Nakuta pikipiki ya magurudumu manne ya kukodi imeziba kinjia chote, mume na mke wanapiga picha bahari. Nawasalimu, naomba wasogeze. "Dakika moja," anasema bwana. Dakika moja ikazaa nyingine. Jua nalo linapanda, na zabibu zikipata joto juisi huanza kuchacha hata kabla ya kukamuliwa. Kisha bwana ananiuliza mashamba ya mvinyo yako wapi. Namwonyesha miguuni pake. Anatazama, anaangua kicheko: "Haya? Nilidhani magugu!" Mkewe anataka nishike kreti apige picha. Nikashika. Ungefanyaje? Pikapu ilipopita, nilikuwa nimekausha meno kwa kutabasamu, na wenzangu walikuwa wamefunika makreti kwa maturubai, wakinitukana kwa lugha tatu.

Mchana sijui uliishaje. Kuchagua zabibu mbovu, kukamua, kuosha mashine, kuosha sakafu, kuosha tena.

Jioni mzee ananimiminia mvinyo wa mwaka jana wa shamba lilelile, tone tu. Unabana mashavu kama ndimu, kisha unaacha chumvi kwenye midomo. Namwambia wale wageni waliita mizabibu yake magugu. Hacheki. Ananiongeza tone.

Natoa utepe mwekundu mfukoni. Kesho ni wa bluu, na shamba lile lina mteremko.