Kosta ya Moshi na Wanawake wa Dirishani

Jumamosi nilikuwa na kazi mbili: kumpelekea shangazi dawa zake za presha Moshi, na kuandaa kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza kwa wanafunzi wangu. Nikaona ya pili nitaifanya njiani. Konda pale stendi ya Arusha aliapa kwamba gari inatoka sasa hivi, tukakaa dakika arobaini tukinunua karanga dirishani.

Baada ya Usa River nikafungua simu. Nilikuwa nimehifadhi picha za mabango ya kuandikisha askari. La kwanza ni la Uingereza, la mwaka 1915: wanawake wawili na mtoto wamesimama dirishani, nje kikosi kinaondoka, na maandishi yanasema wanawake wa Uingereza wanawaambia wanaume "Nendeni!"

Mzee niliyekaa naye alikuwa anachungulia tangu nilipoifungua.

"Binti yangu, hawa wanamuaga nani?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Kumbe serikali ilimtuma mke akamfukuze mume!"

Sijawahi kusikia bango lile likielezwa vizuri kuliko hivyo. Hadi Januari 1916 Uingereza haikuwa na sheria ya kulazimisha watu kwenda vitani, kwa hiyo mwanaume alipaswa kubembelezwa, na akikataa, aaibishwe. Aibu hiyo akatwishwa mwanamke. Tangu Agosti 1914 wapo waliozunguka mitaani wakimpa unyoya mweupe kila kijana asiye na sare, alama ya uoga. Wamarekani nao mwaka 1917 walichora msichana mrembo kavaa sare ya baharia, anatamani angekuwa mwanaume ajiunge na jeshi la majini. Kichekesho ni kwamba mwaka huohuo jeshi hilo lilikuwa linaandikisha wanawake kama makarani, na kufikia mwisho wa vita walizidi 11,000. Bango halikuwa na habari nao.

"Sisi 1978, vita vya Kagera, hatukubandikiwa picha," mzee alisema tulipofika Maji ya Chai. "Mwalimu alisema redioni uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Basi. Mke wangu hakuna aliyemuuliza anasemaje." Akanyamaza, akaangalia nje, na hakusema tena mpaka aliposhuka Bomang'ombe. Nilitamani kumuuliza yeye mwenyewe alimwambia nini mkewe, lakini umri wangu haukuniruhusu.

Moshi jua lilikuwa kali, mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake wageni wakija. Nilipita kwenye mzunguko wenye sanamu ya askari na bunduki yake. Waingereza waliuteka mji huu Machi 1916, na kwa vita ile ya huku kwetu bango lisingekuwa na kazi: wapagazi walikusanywa kupitia machifu, wengine wakakamatwa tu. Upande wa Uingereza pekee walikufa takriban 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kwa Wajerumani, wake za askari walifuatana na msafara, wakapika na kubeba, wakazaa njiani. Nairobi kwenye mnara wa vita yupo angalau mpagazi, ila maandishi yake ya Kiingereza yanaahidi kwamba ukifa, wanao wa kiume watalikumbuka jina lako. Mabinti, sijui.

Shangazi nilimkuta jikoni, mtori uko motoni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, mbona umekonda hivyo?" Akapokea dawa, akaomba aone hizo picha zilizonichelewesha. Nikampa bango jingine la 1915: baba kakaa kwenye kiti cha starehe, binti yake yuko mapajani anamuuliza alifanya nini kwenye vita kuu, mvulana yuko sakafuni anachezea askari wa kuchezea. Baba ametumbua macho, hana jibu.

Shangazi aliivuta ile simu karibu, akaisogeza mbali, akaivuta tena. Mumewe alikwenda Kagera. Kahawa ya msimu ule aliichuma yeye na watoto wanne, wa mwisho akiwa mgongoni.

"Mama yao yuko wapi?"

Nimefundisha kwa bango lile miaka sita na sijawahi kujiuliza. Nikamwambia hakuchorwa.

"Atakuwa jikoni," akasema, akanikabidhi mwiko. "Koroga, usiache ishike chini."