Bastola ya Ohio, baraza ya Wete

Nimekaa barazani kwa ami, Wete, Pemba, na nimenuniwa. Leo siku ya nane tangu nishuke melini Mkoani, na siku ya tano mama ananijibu "ehe" na "hapana" tu. Kisa ni picha. Mpwa wangu alichukua simu yangu aangalie theluji, kidole kikapitiliza, akaikuta bastola imelala juu ya meza yangu ya chakula huko Columbus, Ohio. Kabla ya Alasiri mtaa mzima unajua kuwa mie nimekuwa jambazi Marekani. Wenye huruma walisema nimekuwa polisi.

Sasa nieleze, maana barazani nimeshaeleza mara nne na kila mara anakuja mtu mpya anataka ianzwe upya.

Wapemba tunajulikana kwa maduka, na mie sikwenda mbali na asili: nimevuka bahari mbili nikasimame nyuma ya kaunta. Duka la kituo cha mafuta, zamu ya usiku, dola 14 kwa saa. Msinipigie hesabu kwa shilingi, kodi ya chumba kimoja nayo ipigieni hesabu. Hapa Wete mwenye duka akisikia adhana analaza fimbo mlangoni anakwenda zake kuswali, na sukari anaikuta palepale. Kule naswali stoo, jicho moja kwenye kamera. Mwaka juzi wakaingia vijana wawili saa tisa za usiku, mmoja ana bastola. Nikafungua droo, wakachukua dola 140 na katoni ya sigara. Sikudhurika, Alhamdulillahi. Mwisho wa wiki bosi akanikata zile 140. Nilipouliza, akanambia na mie ningenunua yangu.

Neno lile liliniuma kuliko mtutu wa yule kijana. Lakini usiku uliofuata nilirudi kazini, na kila mlango ukilia kengele moyo unanidunda. Mwezi wa tatu nikaenda duka la silaha.

Hapa kwanza nisimame kidogo na vijana wa Gando na Konde mnaonitumia ujumbe kila siku kuhusu viza. Mie nina kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, ndiyo maana niliruhusiwa. Ukenda kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria yao ya taifa inakukataza kumiliki na hata kushika, isipokuwa kwa milango michache kama leseni ya kuwindia. Rafiki atakwambia twende tukajaribu kupiga shabaha, nikupige picha. Usende. Hata mwenye kadi, akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, anaweza kufukuzwa nchini, awe amekaa miaka ishirini. Dukani unajaza fomu iitwayo 4473, inakuuliza uraia, kesi, hata bangi, na kudanganya humo ni kosa la jinai peke yake. Kisha jina lako linakaguliwa kwa FBI. Kwa bastola dukani sharti uwe umetimiza miaka 21.

Turudi. Nilichotaka mie ni kidude kidogo kabisa, kiingie mfukoni kisionekane. Niliona kimoja cha risasi ndogo za aina ya 380, hakifiki nusu kilo, bei rahisi. Muuzaji alikuwa mzee wa kizungu, ndevu mpaka kifuani, kofia ya kuwindia. Nilimwona nikasema leo nitatukanwa. Mzee yule alikataa kuniuzia. Alinambia nikodi kwanza kilekile, niende chumba cha shabaha cha nyuma, nipige risasi 50 halafu ndiyo tuzungumze. Mtu anakataa pesa yangu! Nyumbani ungenitafutia aliyemroga.

Risasi 50 zile kiganja kilivimba. Risasi yenyewe ndogo, lakini bastola nyepesi haina uzito wa kulimeza teke, teke lote linakuja mkononi. Na ilikwama mara mbili, ganda la risasi iliyopigwa limesimama kwenye mlango wake wa kutokea kama bomba la moshi. Nikamwambia mzee bastola yako mbovu. Akaichukua, akapiga magazini nzima, kile kibebeo cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, kwa mkono mmoja, haikukwama. Ubovu ulikuwa kwangu.

Ami alinikatiza hapa: vipi chuma kikwame kwa sababu ya mkono wa mtu? Nikamweleza hivi. Bastola ya nusu otomatiki inajipakia yenyewe. Risasi ikitoka, nguvu yake ileile inausukuma nyuma ule mgongo wa chuma wa juu, ganda linarushwa nje, halafu springi inaurudisha mgongo mbele ukiwa umesukuma risasi mpya ndani. Yote hayo kufumba na kufumbua. Sasa ikiwa bastola ni ndogo, mgongo mwepesi na safari yake fupi, kwa hivyo springi sharti iwe ngumu na mambo yote yanakwenda mbio zaidi. Ganda likichelewa kidogo linabanwa. Na mkono wako ndio ukuta mgongo unapoegemea: kifundo kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja nao, safari haitimii. Bastola kubwa inakusamehe, ndogo haisamehi.

"Ah," ami akasema, "kumbe mashine ya boti." Na wallahi hakuna aliyenielewa vizuri zaidi Marekani nzima. Ami amevua mkondo wa Pemba miaka arubaini. Mashine ya boti hainunuliwi kwa rangi wala kwa udogo. Unauliza ikizimika katikati ya mkondo itawaka? Na spea zake zinapatikana Chake, au mpaka uagize?

Basi ndivyo nilivyochagua. Mzee alinitolea tatu za milimita 9, zote za kubebeka kiunoni. Glock 43, ya mwaka 2015, magazini yake risasi sita. Shield ya Smith & Wesson, ya 2012, saba au nane. Na SIG P365, iliyotoka 2018, ambayo kwa umbo dogo lilelile inabeba kumi. Nilizikodi zote, wikendi tatu, pesa zikateketea. Kila moja nilitaka niikoki mwenyewe, yaani niuvute ule mgongo nyuma, bila kukunja uso, maana springi ngumu huwashinda wengi, na mimi nina kidole kilichovunjika utotoni juu ya mkarafuu. Nilichukua P365. Dola 590 na kodi yake. Mnajua karafuu kituoni kilo bei gani, hesabu mnaiweza.

Na hiyo haikuwa mwisho wa bili. Bastola mpya usiiamini mpaka imekula risasi 200 bila kukwama. Risasi za mazoezi unazimudu, lakini zile za kujilindia zina tundu kichwani, na tundu lile linaweza kugota nyuma ya mtutu, pale risasi inapoingilia, wakati zile za mviringo zinapita bila shida. Kwa hiyo sharti ujaribu hizohizo, na zile 20 bei yake kama 50 za mazoezi. Magazini nazo niliziandika namba, moja na mbili, ili ikikwama nijue mkosaji nani, maana mara nyingi kosa ni la magazini. Halafu mafuta. Jasho la kiunoni linakula chuma kama chumvi inavyokula panga hapa.

Mtu mmoja barazani akauliza, kwa nini si ile ya zamani ya kuzunguka? Rivolva nzuri, haina mambo ya magazini, lakini triga yake ya kufyatulia nzito, na zile ndogo nyingi zinabeba tano tu. Tukapita.

Nilijiona nimeeleza vizuri. Kumbe mama alikuwa ndani ya ukumbi, anasikia. Akatoka na ungo mkononi. Siku zote tano zile alikuwa akilikusanya neno moja.

"Januari ile n'liwalaza chini ya kitanda usiku kucha kwa ajili ya kitu hicho. Kakako kavuka kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya, kwa ajili ya kitu hicho. Leo weye unakwenda kukinunua kwa jasho lako, na unakipaka mafuta?"

Baraza zima ikanyamaza. Hakuna Mpemba wa rika langu asiyejua Januari ile ni ya mwaka gani: 2001, askari walipowapiga risasi waandamanaji. Nilikuwa na miaka 16. Wallahi, dukani kule, wikendi tatu, haikunijia hata mara moja. Nililinganisha uzito, springi, bei, kama mtu anayenunua simu.

Nilimwambia sikuja nayo hapa, imebaki kule, imefungiwa ndani ya sefu.

"Sefu nayo ulinunua?"

"Ehe."

"Bei gani?"

Nikamtajia. Akapepeta mchele mara mbili, akaangalia paa la jikoni linalovuja tangu masika.

Fundi anakuja kesho asubuhi kupima mabati.