Parachichi linalooza sokoni Mbuyuni liliumizwa shambani Kibosho

Parachichi haliivi mtini. Linakomaa pale, ila kulainika huanza likishachumwa, kwa hiyo siku ya kuchuma ndiyo inayoamua litadumu siku ngapi.

Anza na kikonyo. Kata kwa mkasi, ubakize kama nusu sentimita. Ukivuta kwa mkono kinang'oka chote, kinaacha kidonda kibichi kichwani mwa tunda na kuvu huingilia hapohapo. Ndiyo yale maparachichi ambayo nje ni mazima, ukipasua unakuta weusi umeshuka kutoka kichwani hadi kwenye kokwa. Kutikisa tawi ni kutupa mali kabisa: tunda lililodondoka halionyeshi jeraha mpaka liive, tena likiwa mezani kwa mteja.

Lenye umande usiliguse. Ngozi iliyojaa maji ikisuguliwa kidogo tu inatoka madoa meusi. Subiri likauke, hata ikifika saa nne, kisha chuma na uweke kivulini papo hapo. Tumia kreti, si viroba. Kwenye kiroba tunda la chini linabeba uzito wa wenzake wote na kila shimo la barabara ya kushuka mjini.

Una wasiwasi kama yamekomaa? Pasua moja. Ganda la kokwa likiwa jembamba, la kahawia, chuma. Likiwa nene na jeupe, acha: litasinyaa liwe kama mpira.

Kwenye ubaridi watu wengi wanakosea. Parachichi aina ya Hass, lile lenye ngozi ya vipele, likiwa bado gumu linakaa vizuri nyuzi joto 5 hadi 7. Yale makubwa ya kienyeji yenye ngozi ya kijani yanaungua kwa baridi hiyo. Yape nyuzi 12 au 13. Na usiyachanganye na ndizi mbivu, gesi yake ya etilini inayaivisha haraka.

Huna umeme? Jenga kichumba cha matofali kivulini, kuta mbili, moja ndani ya nyingine, zenye nafasi ya sentimita 7 hadi 8, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, ufunike kwa gunia bichi. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu, kichumba hakipoi; hapo heri uchume Hass kidogo kidogo, maana likishakomaa linavumilia mtini wiki kadhaa.