Siku moja maishani mwangu: mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, msimu wa bajeti

Saa 12:00 asubuhi

Ujumbe wa kwanza kwenye simu umetoka kwa mama kinara wa kata ya mbali, yaani mama anayewafuatilia huko kwenye jamii watu wanaotumia dawa za VVU. Kuna mteja amehamia kambi ya mbao na hajafika kliniki kuchukua dawa. Vidonge vyake vinaisha wiki hii. Namjibu ajaribu kumpata kwa simu, nami nitaongea na kituo cha jirani na hiyo kambi wampokee.

Kwa asiyeijua kazi hii: mimi ni mratibu wa UKIMWI wa halmashauri mojawapo mkoani Njombe. Sitibu mtu. Kazi yangu ni kuhakikisha mapambano haya yana mpango, yana bajeti, na pesa inafika inakotakiwa. Mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni 4.4% kitaifa, na 12.7% kwa Njombe. Huku kila ukoo una mtu anayemeza dawa, au aliyefariki kabla dawa hazijafika.

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya ofisi napitia CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, ya kituo cha afya, maana leo ni siku ya kliniki na mchana nina kikao. Sipendi kwenda kwenye kikao cha pesa bila kuwa nimekaa kwanza kwenye benchi la wagonjwa.

"Kamwene," nawasalimia akina mama waliokwisha kufika. Wengine wametoka mashamba ya chai na nguo zao bado zina umande. Muuguzi yuko peke yake. Anampima mtu uzito, anafungua faili, anahesabu vidonge vilivyobaki, anajaza rejista, kisha anasogea kwenye kompyuta kuingiza kila kitu mwenyewe. Kazi hiyo ya kompyuta ilikuwa ya karani wa takwimu aliyelipwa na mradi. Mkataba wake ulikatika mwaka jana. Mezani kuna mafaili ya wiki iliyopita ambayo hayajaingizwa, na faili lisiloingizwa haliwezi kukuonyesha nani hakuja.

Dada mmoja anauliza majibu yake ya kipimo cha wingi wa virusi. Damu ilichukuliwa zamani, majibu hayajarudi. Pikipiki ya sampuli ilikuwa ikipita mara kwa mara. Sasa inasubiri mpaka mafuta yapatikane. Muuguzi anamweleza kwa upole, anampa dawa zake, anaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi. Dada anaikunja kadi mara mbili na kuiingiza ndani ya pochi ya simu. Nauli yake kwenda na kurudi ni shilingi 12,000. Ndiyo maana kupewa dawa za miezi sita kwa mkupuo ni jambo kubwa kuliko wanavyodhani wanaotazama takwimu tu. Lakini dawa za miezi sita anapewa mtu ambaye kipimo kimeonyesha virusi vimefubaa. Majibu yasiporudi, nauli inaendelea kumtoka.

Saa 4:00 asubuhi

Kikao cha Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ya Halmashauri. Mwenyekiti wake ni Makamu Mwenyekiti wa halmashauri, na wajumbe ni madiwani, viongozi wa dini, vijana na wawakilishi wa watu wanaoishi na VVU. Madiwani wengi ni wapya tangu uchaguzi wa Oktoba 2025, kwa hiyo leo naanza na msingi.

Mheshimiwa mmoja anauliza swali ninaloulizwa kila mwaka: "Mratibu, dawa si zipo? Si za bure?"

Zipo, na ni za bure. Sehemu kubwa inanunuliwa kwa fedha za Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na kusambazwa na MSD, Bohari ya Dawa ya serikali. Kilichotikisika ni kile kinachomfikisha mtu kwenye dawa na kumbakiza hapo: mama vinara, wahudumu wanaofuatilia watoro walioacha kuja kliniki, makarani, mafuta ya kusafirisha sampuli. Hayo kwa miaka mingi yalibebwa na PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanza 2003. Tarehe 20 Januari 2025 ilitoka amri Washington ya kusimamisha misaada ya nje. Baadaye huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea. Wafanyakazi wa ngazi ya jamii hawakurudi wote, na kwetu pengo lao linaonekana kwa macho.

Kisha naweka mezani karatasi ya bajeti yetu wenyewe. Fungu la UKIMWI kutoka mapato ya ndani lipo. Limepitishwa na baraza. Kilichotolewa mpaka sasa ni kidogo mno. Naomba waheshimiwa waangalie safu mbili, ya kilichotengwa na ya kilichotolewa. Ukumbi unanyamaza, kisha mwakilishi wa Konga, muungano wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU, anaomba nafasi.

Mama huyu ameishi na VVU tangu kabla dawa hazijafika wilayani. Anasimama na kusema, "Waheshimiwa, mwaka jana mlitupitishia fedha, tukawapigia makofi. Mimi nimetembea kwa miguu kumtafuta mtoro. Nimempata. Amerudi kwenye dawa. Ile fedha sijaiona."

Hapo mjadala unabadilika. Tunafuta fulana na chakula cha maadhimisho ya Siku ya UKIMWI Duniani, 1 Desemba, nami naunga mkono bila kusita. Tunabakiza mambo matatu: posho ya mama vinara, mafuta ya sampuli, nauli ya ufuatiliaji. Mchungaji anaongeza kwamba taarifa ya fedha zilizotolewa isomwe kila robo mwaka kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Imeandikwa kwenye muhtasari.

Saa 7:30 mchana

Chakula cha haraka. Mama kinara anapiga: mteja wa kambi ya mbao amepatikana, kesho anakwenda kituo cha jirani kupewa dawa za muda. Kampigia kwa salio lake mwenyewe.

Saa 8:30 mchana

Kwa mweka hazina. Ni mtu mwema, na hoja zake ni za kweli. Mapato yetu yanategemea ushuru wa mbao, viazi na mazao mengine, hayaji sawasawa mwaka mzima. Asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo kisheria, lazima itoke. Miradi ya maendeleo ina sehemu yake. "Kaka, wewe huna sheria inayonibana," ananiambia.

Hapo ndipo penye tatizo lote. Matumizi yenye sheria hutangulia, yasiyo na sheria husubiri, na UKIMWI kwenye mapato ya ndani hauna. Bajeti ya serikali ya 2025/26 iliongeza tozo kwenye pombe, mafuta na vitu vingine ili sehemu ya makusanyo iende kwenye Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Naifurahia hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini mfuko wa taifa hautajua kwamba pikipiki ya tarafa yetu haina mafuta. Hiyo ni kazi ya halmashauri, na naamini halmashauri inaweza: baraza lipitishe azimio kwamba fungu la UKIMWI linatolewa kila mwezi kwa kiasi kilekile, hata kikiwa kidogo. Kidogo kinachokuja kila mwezi kinamweka mama kinara kazini. Kikubwa kinachokuja Juni hakimsaidii aliyeacha dawa Februari.

Mweka hazina anafikiri, kisha anasema niandike dokezo, nisilichanganye na maombi mengine.

Saa 10:00 jioni

Naandika. Ukurasa mmoja, maana mkurugenzi hasomi wa pili. Naambatanisha muhtasari wa kamati na makadirio ya mafuta kituo kwa kituo, kisha naomba mambo mawili: sehemu ya robo hii iliyobaki itolewe kabla ya mwisho wa Machi, na azimio la utoaji wa kila mwezi liingie kwenye ajenda za baraza la bajeti. Kesho saa 2 asubuhi nitalipeleka masijala mwenyewe, nisubiri lipigwe mhuri.