Kikao Kinachomsikiliza Mtunza Ghala

Katika ofisi nyingi za jiji hili la Dar es Salaam, kikao cha kazi hufuata mpangilio ambao mfanyakazi angeweza kuutaja hata akiamshwa usingizini: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za idara, mengineyo, na kufunga. Mpangilio huo si mbaya. Umetusaidia kuweka kumbukumbu na umewazuia wenye sauti kubwa wasirukie ajenda wanazozipenda. Ninachokiona, baada ya miaka mingi ya kuandika mihtasari na baadaye kuongoza vikao katika ofisi za kati ya Posta na Barabara ya Nyerere, ni kwamba mpangilio huo unaeleza jambo gani litajadiliwa na kwa zamu ipi, lakini hauelezi nani aanze kusema. Kwa maoni yangu hapo ndipo vikao vyetu hufaulu au huharibika.

Tuangalie kinachotokea. Mwenyekiti, ambaye mara nyingi ndiye mkurugenzi au mkuu wa idara, anaeleza tatizo, na katika kulieleza anatoa pia maoni yake kuhusu chanzo chake na dawa yake, kisha anasema, "Karibuni tuchangie." Mchangiaji wa kwanza, ambaye karibu kila mara ni mkubwa wa pili kwa cheo, anasema itifaki imezingatiwa na kwamba anaunga mkono hoja. Wa pili anakubaliana na mchangiaji aliyetangulia. Zamu inapowafikia waliokaa mwisho wa meza, yaani karani wa mauzo, msimamizi wa zamu, dereva aliyeletwa kuwawakilisha wenzake, hakuna swali lililobaki wazi. Mtu anachoweza kufanya ni kukubali au kuonekana mkaidi. Aliyelelewa vizuri hambishii mkubwa mbele ya watu, kwa hiyo ananyamaza, na ukimya wake unaingia kwenye muhtasari kwa maneno kwamba wajumbe wote waliafiki.

Wapo wawezeshaji wanaotushauri tuondoe heshima hizo ofisini, tuache shikamoo mlangoni, na tumwite mkurugenzi kwa jina lake la kwanza ili mazungumzo yawe huru. Mimi sikubaliani nao. Kijana anayelazimishwa kumwita mtu wa rika la baba yake kwa jina tupu hapati uhuru wowote. Anapata aibu, na mwenye aibu husema kidogo zaidi. Heshima ibaki ilivyo, tubadilishe zamu ya kusema.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya na wanafunzi wa vyuo nchini Marekani. Mwanafunzi aliwekwa pamoja na watu wengine ambao, bila yeye kujua, walikuwa wamepangwa na mtafiti. Wote waliombwa waseme kwa sauti ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana kwa urefu na mstari wa mfano, swali ambalo jibu lake lilionekana wazi kwa macho. Wale waliopangwa walipotoa jibu la uongo kwa pamoja, mwanafunzi aliwafuata katika takriban theluthi moja ya mara hizo. Watu wengi hutaja majaribio hayo na kuishia hapo, lakini sehemu yenye manufaa kwa mwendesha kikao ni ile iliyofuata: alipokuwepo mtu mwingine mmoja tu aliyetoa jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua sana, na kulipungua pia pale mwanafunzi aliporuhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka. Wale walikuwa vijana wasiofahamiana, na hapakuwa na bosi wala mshahara mezani. Katika chumba chenye mkurugenzi, mwandamizi wake na barua za uhamisho, tutarajie shinikizo kubwa zaidi.

Utafiti mwingine unaonisaidia kila ninapoandaa kikao ni wa Garold Stasser na William Titus wa mwaka 1985. Waliwapa wanafunzi, katika makundi madogo, kazi ya kumchagua mgombea bora. Taarifa nyingine walipewa wote, na nyingine kila mmoja alipewa ya kwake peke yake. Ilionekana kwamba makundi yalitumia mazungumzo kurudia yale ambayo kila mtu alikuwa anayajua tayari, na taarifa alizokuwa nazo mtu mmoja mmoja, ambazo zikiunganishwa zingeonyesha mgombea bora ni nani, hazikufika mezani ipasavyo. Kazini, jambo analolijua mtu mmoja peke yake mara nyingi liko kwa yule wa chini kabisa, kwa sababu yeye ndiye anayeshika mzigo kwa mikono yake.

Kwa hiyo ninapopewa kikao chenye uamuzi mgumu, natumia utaratibu ambao André Delbecq na Andrew Van de Ven waliuchapisha mwaka 1971, nikiurekebisha kidogo kwa mazingira yetu. Swali linaandikwa ubaoni. Kila mjumbe, mwenyekiti akiwemo, anapewa vikaratasi na anaandika kimya kimya kwa dakika tano au saba, wazo moja kwa kila kikaratasi, bila jina. Wote wanatumia kalamu ya rangi moja. Katika ofisi ndogo mwandiko wa kila mtu unajulikana, kwa hiyo sibandiki vikaratasi ukutani. Ninavikusanya, ninavichanganya, ninasoma kimoja kimoja kwa sauti na kuyaandika maneno hayo ubaoni kwa mkono wangu. Hakuna anayejibu wala kutetea chochote hadi vikaratasi viishe. Baada ya hapo ndipo tunaulizana maana, tunaunganisha yanayofanana, na kila mjumbe anachagua hoja anazoziona nzito kwa kuzipa namba kwenye karatasi yake. Mjadala wa wazi unaanza wakati huo, ukiwa na mawazo ya watu wote mbele yake.

Nitoe mfano. Kampuni moja inayosambaza bidhaa za nyumbani, yenye ghala kando ya Barabara ya Nyerere, ilikuwa na malalamiko ya wateja kwamba magari yanafika madukani yamechelewa. Mkurugenzi, mtu mwema na mwenye bidii, aliamini kwamba madereva wanazembea, na meneja wa usafirishaji alikwishaandaa rasimu ya onyo. Tulikaa, tukaandika. Kati ya vikaratasi vilivyozungumzia foleni, ubovu wa matairi na nidhamu, kilikuwepo kimoja kilichosema hivi: "Gari linapakiwa saa moja. Mashine ya risiti imefungiwa kwa mhasibu. Ufunguo anao yeye. Anafika saa tatu."

Chumba kilinyamaza. Kisheria mzigo uliouzwa hauwezi kutoka bila risiti, na mhasibu, ambaye hana kosa lolote, anatoka Kibaha kila siku na kupita Kimara pamoja na watu wengine wote wa barabara ile. Mkurugenzi aliuliza kama hali hiyo hutokea mara nyingi. Dada mtunza ghala, ambaye katika vikao vilivyotangulia hakuwahi kusema zaidi ya salamu, aliinua mkono. "Mzee, karibu kila siku. Saa ya gari kutoka naiandika kwenye daftari la geti." Akaombwa alilete. Lilikuwa daftari la kawaida la jalada gumu, limechorwa safu kwa rula, na katika kila ukurasa ulionekana muda wa kupakia na muda wa kutoka, na kati yao saa mbili zilizopotea. Rasimu ya onyo iliwekwa pembeni, na kabla ya chai ilikubalika kwamba uchongwe ufunguo wa pili na msaidizi wa mhasibu anayeishi Tandika akabidhiwe kwa maandishi. Taarifa ile ilikuwepo pale ghalani muda wote.

Vikaratasi havifai kwa kila jambo, na sishauri kikao cha kila Jumatatu kiendeshwe hivyo. Lakini swali linafaa siku zote. Ajenda iliyoandikwa "Hali ya mauzo" humfanya kila mtu asome taarifa yake hadi mwisho; ajenda iliyoandikwa "Tufanye nini ili duka la Mbagala lisiishiwe bidhaa mwisho wa mwezi?" humfanya mtu ajiulize kama ana jibu. Taarifa za idara ndizo zinazokula muda wetu kuliko kitu kingine chochote, na karibu zote zinaweza kutumwa siku moja kabla kwa barua pepe au katika kundi la WhatsApp la ofisi. Kama hazikusomwa, ni afadhali kutenga dakika kumi za mwanzo watu wazisome kimya hapo hapo, kuliko kumsikiliza mtu akizisoma kwa nusu saa.

Kazi ngumu zaidi ya mwezeshaji hufanyika kabla ya kikao, ofisini kwa mkubwa. Namwendea mkurugenzi na kumwomba kwa adabu: "Mzee, naomba leo wewe ufungue kikao, ueleze swali, halafu maoni yako tuyasikie mwisho." Sijawahi kuona ombi hilo likichukuliwa kama dharau, kwa sababu linalingana na tunavyowafahamu wazee. Mzee anayesuluhisha ugomvi wa ndoa hatangulizi hukumu. Anawaacha mume na mke waseme, anawasikiliza mashahidi, naye anasema wakati kila kitu kimekwisha kutolewa. Kusema mwisho ni heshima ya mkubwa, na ndivyo neno lake linavyopata uzito, maana linakuwa limebeba ya wote.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulielekeza kuanzishwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ukakemea majivuno na dharau ya viongozi kwa wanaowaongoza. Katika utumishi wa umma mabaraza hayo yamewekewa sheria ya mwaka 2003, na yapo hadi leo. Ninayathamini sana, na ndiyo maana inanisikitisha ninapoona baraza lenye akidi kamili ambalo hoja za wafanyakazi zimewekwa chini ya mengineyo, saa nane mchana, watu wakiwa wamekwisha kunywa chai na kuanza kutazama saa. Kilichowekwa mwisho wa ajenda kimekwisha kuamuliwa kwamba si muhimu. Hoja za wafanyakazi zitangulie, taarifa ya menejimenti ifuate ikizijibu.

Kuhusu muda nitasema machache. Kikao cha saa mbili asubuhi humwadhibu anayevuka kutoka Kigamboni au anayetoka Gongo la Mboto, na anayefika akihema huketi nyuma na kunyamaza. Saa nne inawafaa wengi zaidi. Ijumaa tumalize mapema ili wanaokwenda kuswali wasilazimike kutoka katikati ya uamuzi. Wajumbe wawe wachache, waliochaguliwa kwa sababu wana la kusema kuhusu swali la siku hiyo. Pale ambapo kuna posho ya kikao, orodha huwa inarefuka kwa sababu nyingine, na mwenye dhamana anapaswa kuwa na ujasiri wa kuipunguza bila kumwondoa wa chini.

Tangu wizara na taasisi nyingi zihamie Dodoma, vikao vya pande mbili kwa njia ya video vimekuwa jambo la kila wiki. Walio kwenye skrini husahaulika haraka: waliopo chumbani huangaliana, hucheka, hukatizana, na wa mbali anasikia kelele tu. Katika vikao hivyo zamu inaanzia kwao, mmoja mmoja kwa jina, kabla mtu yeyote wa chumba cha Dar es Salaam hajafungua kinywa. Ninamwomba pia mmoja wetu awe mwangalizi wao, kazi yake ikiwa ni kusema, "Mwenyekiti, dada wa Dodoma ameinua mkono."

Hatimaye muhtasari. Hakuna vikao vinavyoendeshwa kwa uzito jijini hapa kama vile vya kamati ya harusi, na siri yake ni daftari la ahadi: jina, kiasi, tarehe, na wiki inayofuata kila jina linasomwa mbele ya wote. Muhtasari wa ofisi ufanane na daftari hilo. Maneno kama "idara husika ifuatilie" hayamwajibishi mtu yeyote. Dakika tano za mwisho katibu asome maazimio kwa sauti, na kila aliyepewa jukumu alirudie kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo hugundulika kwamba watu wawili walielewa tofauti. Maazimio hayo yatumwe jioni ile ile, hata kabla muhtasari kamili haujaandikwa. Na kikao kijacho kinapofika kwenye yatokanayo, wa kwanza kuulizwa amefikia wapi awe mwenye cheo cha chini kuliko wote waliopewa kazi, ili kama alikwamishwa na mkubwa wake apate kulisema hilo kabla mkubwa huyo hajatoa taarifa.