Siku ya kumwaga jamvi na kukata jointi

Saa 11 alfajiri. Kibaha bado ni giza, na taa za jenereta ndizo zinazotuonyesha mkanda wa zege tutakaoumwaga leo: urefu mita 40, upana mita 8, unene milimita 150. Ni sehemu ya jamvi, yaani sakafu ya zege, ya ghala litakalobeba rafu na foklifti. Foromani wetu amefika kabla yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, injinia. Jua la leo litakuwa kali, tuwahi."

Tunapita na tepu kukagua alama nyekundu kwenye mbao za pembeni, zinazoonyesha tutakapokata jointi, yaani mistari ambayo ufa utaifuata. Zimeachana mita 4, na katikati ya mkanda utapita mstari mmoja mrefu, hivyo kila kipande kitakuwa mraba. Kipande kirefu chembamba hujikata chenyewe katikati hata ukikizungushia jointi pande zote. Wavu wa nondo nao tumeukata kwenye kila mstari. Nondo ikivuka pale nzimanzima, inazishika pande mbili zisiachane, na ufa utaenda kutafuta njia kwingine.

Niseme mapema: zege lazima linywee. Likikauka hupungua kama nusu milimita kwa kila mita, kwa hiyo mkanda huu peke yake unataka kupungua karibu sentimita 2. Ardhi chini inaushikilia usijongee. Zege ni gumu ukilibana, lakini ukilivuta nguvu yake ni kama sehemu ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Litapasuka. Kazi yangu leo ni kuchagua wapi.

Saa 11:45. Gari la kwanza limefika. Tunajaza koni ya kupimia ulaini wa zege, tunaivua, zege linashuka milimita 85. Tunapokea kati ya 75 na 100. Kibarua mmoja anaomba liongezwe maji ili livutike kwa urahisi. Namkatalia, ingawa namwonea huruma kwa jinsi linavyochosha mgongo. Maji hayo ya ziada ndiyo yatakayoondoka baadaye na kuacha zege likiwa limenywea zaidi.

Saa 2 asubuhi. Tumefika kwenye nguzo. Jamvi haligusi nguzo hata moja. Kila nguzo imezungushiwa boksi la mbao, ncha yake ikitazama pale utakapopita mstari wa jointi. Pembe ikiachwa inaingia ndani ya zege bila mstari wa kuipokea, ufa huanzia hapo. Nimeziona sakafu nyingi zenye ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya nguzo, na wenye nyumba wakilaumu saruji.

Saa 4. Zege la mwisho limeshuka. Chapati na maharage ya mama ntilie tunavila kwa zamu, maana upepo umeanza kuvuma na uso wa zege unakauka haraka kuliko tumbo lake. Vijana wawili wanarusha ukungu wa maji. Nyuma yao mashine za kusugua zinaingia pale zege lilipoanza kubeba uzito wa mtu.

Saa 7 mchana. Mwenye ghala amekuja. Ametazama sakafu inavyong'aa, akafurahi, kisha akaiona mashine ya kukatia.

"Mwanangu, imelainika hivi halafu mnaikata? Si mngeongeza mifuko ya saruji isipasuke?"

"Mama, saruji ikizidi, na maji yanazidi, na kunywea kunazidi. Umepanda basi la mwendokasi Morogoro Road?"

"Sana."

"Ile barabara ya zege ina mistari imekatwa njia nzima. Ufa upo chini ya mstari, umenyooka, hausumbui mtu."

Akaniuliza kuhusu mistari ya miraba kwenye baraza za zamani zilizopigwa niru. Swali zuri. Ile mingi imechorwa kwa ncha ya mwiko, milimita chache tu, ni pambo. Ili ufa utii, mkato lazima ufike angalau robo ya unene. Kwetu hapa ni milimita 40. Anayemwaga baraza la nyumba yake amuulize fundi mambo haya kabla zege halijaja: utakata wapi, kwa kina gani, saa ngapi?

Saa 9 alasiri. Hili la saa ndilo linaloninyima raha. Ukikata mapema, diski inang'oa kokoto na kingo zinamomonyoka. Ukichelewa, jioni hewa inapoa, zege linajivuta, na ufa unapita unapotaka wenyewe. Nakwaruza kwa msumari pale tulipoanzia alfajiri: unaacha alama nyeupe bila kuchimba. Tunajaribu mkato wa nusu mita. Kingo ni kali, hakuna kokoto iliyoruka. Twende.

Hatufuati mistari kwa mfululizo. Tunakata mmoja, tunaruka miwili, tunakata wa nne, ili mkanda mzima upate nafuu mapema, kisha tunarudi kwenye tuliyoruka. Mistari ya kukatiza ni tisa, na ule mrefu wa katikati ni wa kumi. Jumla mita 112. Maji yanapoza diski ya almasi, na kijana mmoja hana kazi nyingine ila kupima kina. Kila mkato unafika ukingoni kabisa. Ukiacha sentimita 10 ambazo hazijakatwa, ufa utapita hapo. Mashine ya pili ipo tayari pembeni, imejazwa mafuta. Siwezi kuanza kumwaga bila mashine ya akiba, hata bajeti ikigoma, kwa sababu zege halingoji spea kutoka Kariakoo.

Saa 1 usiku. Mstari wa mwisho umekwisha. Tunaosha tope lililobaki ndani ya mikato kwa maji ya mpira kabla halijakauka. Likigandia humo, sakafu ikitanuka kwa joto kingo zitabanwa na kuvunjika. Kuziba jointi tutasubiri wiki kadhaa, jamvi likiwa limekwisha kunywea sehemu kubwa.

Saa 2. Magunia yametandazwa na kulowanishwa. Mlinzi ameelezwa: asiache yakauke, na asiruhusu pikipiki kupita juu. Siku saba ni hivyo hivyo.

Kilichobaki ni ubavuni, utakapoungana mkanda mwingine. Nondo laini za milimita 20 zimechomoza, nusu ndani ya zege la leo, nusu nje. Kesho asubuhi nusu ya nje ipakwe grisi yote ili iteleze, na kila moja ipimwe kwa pima maji kama imelala sawa. Hata moja ikipinda itaufunga mkanda wa pili kwenye huu, na mistari tuliyokata leo haitausaidia.