Vyumba viwili vya bibi, na mtaa wa Jakob Fugger

Bibi mzaa mama alikuwa na nyumba Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, na uani mti wa mpera. Vyumba viwili vya nyuma havikuwa na kodi. Kila kimoja alikaa mjane. Akifariki, au wanawe wakija kumchukua, anaingia mwingine. Sisi wajukuu tuliviita vyumba vya Mungu. Tulitumwa huko jioni kupeleka uji na mafuta ya taa, na ole wako uingie bila kupiga hodi.

Bi Mkubwa mmoja aliyekaa pale macho yalianza kumpotea. Bibi akachana kipande cha kanga, akakifunga kwenye kitasa cha mlango wake, ili akitoka chooni usiku apapase na ajue kwamba amefika kwake. Kipande kile kilikaa mpaka rangi ikaisha.

Bibi alifariki 1998 na hakuacha karatasi yoyote. Alikuwa amesema mara nyingi, mbele za watu, kwamba vile vyumba ni wakfu, na alipokuwa hai hakuna aliyebisha. Miaka sita baadaye nyumba iliuzwa. Leo pale ni ghorofa, chini maduka ya vitenge. Mjane wa mwisho aliondoka na mkokoteni, kitanda kimefungwa kamba. Mama yangu akienda sokoni mpaka leo anapita mtaa wa pili.

Naanza na hayo kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mwaka juzi, nilipokuwa kozini Augsburg, kusini mwa Ujerumani, kwa wiki sita. Jumamosi moja mwenzangu wa kozi alinipeleka kuona mtaa unaoitwa Fuggerei. Nilirudi tena mara nne.

Ni mtaa mdogo. Kwa mwendo wa kawaida unaumaliza kwa dakika kumi. Una ukuta wake, mageti yake, kanisa lake, vichochoro vinane na nyumba 67 za rangi ya haradali, madirisha yana mbao za kijani. Wanaishi watu kama 150, wengi wao wazee. Aliyeuanzisha ni Jakob Fugger, mfanyabiashara aliyeshika shaba na fedha za migodini na kuwakopesha hata wafalme. Hati yake ni ya tarehe 23 Agosti 1521, na aliitoa kwa niaba yake na ya ndugu zake wawili waliokuwa wameshatangulia. Kodi aliyoweka ni gilda moja ya Rhine, sarafu ya enzi zile, kwa mwaka. Leo kodi ni ileile, imegeuzwa tu kuwa yuro: senti 88. Kwa mwaka mzima! Haifiki shilingi elfu tatu. Umeme na joto mpangaji anajilipia, lakini nyumba ni hiyo senti 88. Nilisimama pale nikawaza dalali wa kwetu na kodi yake ya miezi sita mkononi kabla hujapewa ufunguo.

Masharti nayo hayajabadilika sana. Mpangaji awe mtu wa Augsburg, awe Mkatoliki, awe na shida ya kweli na sifa njema. Na kila siku amwombee mwenye kutoa pamoja na ukoo wake: Baba Yetu moja, Salamu Maria moja, Nasadiki moja.

Mwenzangu aliponitafsiria hilo la sala, neno lilinitoka lenyewe kwa Kiswahili: wakfu. Sikuhitaji maelezo zaidi. Tajiri amekufa 1525, na mpaka asubuhi hii kuna mzee anaamka, anaweka chai jikoni na kumwombea. Kwetu tungesema ile ni sadaka yenye kuendelea. Dini tofauti, lugha tofauti, lakini alichokuwa anakitafuta mtu yule ndicho alichokuwa anakitafuta bibi yangu kwenye vile vyumba vya nyuma.

Mara ya tatu nilikaribishwa na bibi mmoja, rika la mama yangu. Nilimwamkia kwa kuinama kidogo kama ninavyofanya nyumbani, naye akafurahi bila kujua kwa nini. Kitu nilichokipenda pale ni milango. Nyumba moja ina watu wawili, mmoja chini na mmoja juu, lakini kila mtu ana mlango wake wa barabarani. Hakuna anayepita mlangoni kwa mwenzake. Aliyepanga hivyo alijua kwamba maskini naye anataka kufunga mlango wake mwenyewe.

Kando ya kila mlango unaning'inia mkono wa chuma wa kuvutia kengele, na haifanani. Wa yule bibi ulikuwa na umbo la jani lenye mafungu matatu. Alishika kiganja changu, akaniwekea pale, akaniashiria nifumbe macho. Chuma kilikuwa cha baridi, kingo zimelainika. Kisha akanivuta kwa jirani, nikapapasa umbo jingine kabisa. Kabla ya taa za barabarani, akasema, mtu alitambua mlango wake gizani kwa mkono. Nilishindwa kujibu. Nilikuwa nimesimama korido ya Kariakoo, nimeshika kanga.

Usiku, saa nne, mageti yanafungwa. Ukichelewa, mlinzi anakufungulia na unamlipa senti 50. Ikipita saa sita ni yuro moja. Wageni hucheka wakisikia hivyo. Mimi niliona ni heshima kwamba mtaa wa watu wasio na kitu una geti na mlinzi.

Wanaonyesha pia nyumba aliyokaa Franz Mozart, fundi mwashi, baba wa babu yake Wolfgang Amadeus Mozart, yule mwanamuziki. Mafundi nao huishiwa.

Februari 1944 mabomu yaliangukia Augsburg, na sehemu kubwa ya mtaa ikabomoka. Siku chache baadaye, vita bado vinaendelea, ukoo wa Fugger uliamua kuujenga upya. Nilijiuliza waliweza vipi. Jibu lake halina ajabu: wakfu ule una misitu. Mbao zinauzwa, fedha zinatengeneza mapaa. Mwasisi aliacha hati, na waliomfuata wakaacha kitu cha kuihudumia hati. Bibi yangu aliacha neno lake tu, na neno lilizikwa naye.

Nimerudi Dar nikasoma zaidi, nikakutana na jambo lililoninyima usingizi. Baba yake bibi alitoka Kilwa. Mwaka 1505 msafara wa Wareno chini ya Francisco de Almeida uliposafiri kwenda India, wafanyabiashara wa Ujerumani walitia fedha zao humo, wakiwamo akina Fugger. Akina Welser, nao wa Augsburg, walitia zaidi. Msafara ule ndio ulioivamia Kilwa Julai mwaka huo, ukamwondoa mtawala na kuweka ngome. Agosti ukaichoma Mombasa. Utajiri wa Fugger ulitoka zaidi kwenye migodi na mikopo, lakini mkono wake ulikuwamo kwenye safari ile, miaka 16 kabla ya kutoa hati ya kuwahifadhi maskini wa mji wake.

Nilimweleza mama tukiwa barazani. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Basi na sisi tumewachangia wale wazee." Hakusema kwa uchungu. Mimi uchungu ninao, na bado naupenda ule mtaa. Vyote viwili vimo ndani yangu.

Mwezi uliopita tuliketi nyumbani kwa mama, Temeke: mama, kaka zangu, shehe wa mtaani na mwanasheria. Imeandikwa kwamba chumba cha uani ni wakfu kwa mjane asiye na pa kukaa, na kodi ya fremu ya mbele itatengeneza bati, choo na mfumo wa maji kabla hatujagawana chochote. Tumeweka sahihi wote, na wajukuu wakubwa wawili kama mashahidi. Kaka alitaka chumba kiwe bure kabisa. Mama alikataa, akataka mjane alipe shilingi mia tano kwa mwaka, ili awe mpangaji mwenye haki yake. Kuhusu dua, alisema tusiandike kitu.

Fundi wa mlango anakuja Jumatatu. Mama ameshachana kipande cha kanga, amekikunja, amekiweka chini ya mto.